Usiku Mwezi wa Shawwal Ulipopata Wageni

Jumanne ya tarehe 24 Desemba 1968, mnamo saa moja na dakika 40 usiku, mtu aliyesimama uani kwake katika kijiji cha Miteja, pwani ya kusini mwa Tanzania, akaelekeza macho magharibi, kama mawingu hayakumziba, aliuona mwezi mchanga ukiwa bado juu, umebakiza kama saa tatu kabla ya kutua. Ulikuwa mwezi wa siku tano, mwezi wa Shawwal, kwa maana mfungo wa Ramadhani ya mwaka 1388 Hijria ulikuwa umeisha siku chache tu kabla. Dakika hizohizo, Wamarekani watatu walikuwa wakitokeza kutoka nyuma ya mwezi huohuo, na mmoja wao akabonyeza kamera. Picha aliyoipiga imechapishwa katika vitabu, stempu na mabango ya nchi nyingi: ardhi kavu ya kijivu mbele, weusi mtupu juu yake, na katikati ya weusi huo dunia yetu, ya buluu na nyeupe, ikichomoza.

Ukiitazama vizuri picha ile utaona dunia haikutimia. Sehemu yake moja imemezwa na giza, na mpaka wa giza hilo ni mstari wa machweo, ambao saa ile ulikuwa umeikata Afrika katikati. Upande wa Atlantiki bado ulikuwa mchana. Sisi wa pwani ya mashariki tulikuwa tumeshaingia usiku. Kwa hiyo Miteja, Kilwa Kivinje, Lindi na Mafia zote zimo katika picha hiyo mashuhuri, zimo upande usioonekana.

Safari ya kwanza ya binadamu kwenda mwezini husimuliwa siku zote kama habari ya Florida na Houston. Ninaisimulia kutoka huku kwa sababu pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika safari hiyo, tangu miaka kadhaa kabla haijaanza, na sehemu hiyo haifundishwi shuleni kwetu.

Wanaanga wa Apollo 8 walikuwa Frank Borman, nahodha wa chombo, Jim Lovell na Bill Anders. Wawili wa kwanza walikuwa na umri wa miaka 40, na walikwisha kukaa siku 14 pamoja angani mwaka 1965 katika chombo cha Gemini 7, kilichokuwa chembamba kiasi cha kuwalazimu kukaa bega kwa bega muda wote. Anders, mwenye miaka 35, alikuwa hajawahi kuruka angani. Lovell naye aliingia kwa bahati: nafasi ile ilikuwa ya Michael Collins, aliyelazimika kufanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo.

Awali haikukusudiwa waende mwezini. Mpango ulikuwa kujaribu chombo cha kutua wakiwa wanaizunguka dunia tu, lakini chombo hicho kilichelewa kiwandani. Agosti 1968 mhandisi George Low akatoa wazo ambalo wengi walidhani ni la hatari: badala ya kusubiri, Apollo 8 iende mwezini bila chombo cha kutua, iuzunguke, irudi. Wasovieti nao walikuwa mbioni. Septemba mwaka huo chombo chao cha Zond 5 kiliuzunguka mwezi na kurudi duniani kikiwa na kobe ndani, wakiwa hai. Ilionekana wazi kwamba zamu ya mtu haiko mbali.

Hatari yenyewe haikuwa ya kubuni. Januari 1967 moto ulizuka ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa bado kwenye majaribio ardhini, ukawaua Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee. Borman alikuwa miongoni mwa waliochunguza mabaki. Roketi kubwa ya Saturn V, yenye urefu wa mita 111, ilikuwa imerushwa mara mbili tu bila watu, na mara ya pili, Aprili 1968, ilitetemeka vibaya, injini mbili zikazimika njiani, na injini ya juu kabisa ikakataa kuwaka tena ilipotakiwa. Mruko wa tatu ndio huo uliowekewa watu.

Waliondoka Florida Jumamosi ya tarehe 21 Desemba. Huku kwetu ilikuwa saa tisa na dakika 51 alasiri, na pwani nzima ilikuwa katika siku za Idd el-Fitri. Dakika kumi na chache tu ziliwatosha kufika kwenye mzingo wa dunia. Kisha wakavuka Afrika kuingia Bahari ya Hindi, wakazunguka mara moja na zaidi wakikagua vyombo, na mnamo saa kumi na mbili na dakika 41 jioni kwa saa zetu, wakiwa juu ya Pasifiki, wakawasha injini iliyowatoa kwenye mvuto wa nyumbani. Ndio wakati jua linapozama Kilwa mwezi wa Desemba. Aliyetoka msikitini baada ya magharibi jioni ile aliuona mwezi mwembamba ukiwa magharibi, na kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuutazama, walikuwapo walioshika njia ya kuuendea.

Walipokuwa wakipita juu ya bahari yetu, sauti zao zilifika kwa waongozaji wa safari huko Houston kupitia kituo cha Tananarive, Madagaska. Na kituo hicho kilirithi kazi iliyoanzia Unguja.

Oktoba 1960 Marekani na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya kujenga Zanzibar kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. Wakati ule visiwa vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Wamarekani walikuwa na mradi wa Mercury, wa kumrusha mtu mmoja mmoja kuizunguka dunia, na walikabiliwa na tatizo la umbo la dunia yenyewe: mawimbi ya redio waliyotumia hayapindi, na chombo kinachopita kilomita 200 juu kinaonekana na kituo kimoja kwa dakika chache tu kabla ya kuzama nyuma ya upeo. Wakapanga vituo 18, viwili vikiwa melini, kuizunguka dunia. Afrika vilikuwa viwili, Kano huko Nigeria na Zanzibar. Kikitoka Zanzibar, chombo kilipokewa na meli iliyokuwa ikisubiri Bahari ya Hindi, kisha Australia.

Mitambo ilisimikwa mashambani, upande wa Tunguu na Chwaka. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuzungumza: kupokea vipimo vya chombo na vya mwili wa mwanaanga, kuongea naye kwa redio, na kupeleka taarifa Maryland kwa mtambo wa maandishi. Daktari alikuwa zamu, akisoma mapigo ya moyo ya mtu asiyeonekana.

Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wa Mercury, John Glenn, aliruka saa kumi na moja na dakika 47 jioni kwa saa zetu. Nusu saa hivi baadaye alikuwa ameshalivuka bara zima na anaongea na Zanzibar. Ndani ya chombo chake kulikuwa na mpira wa mazoezi uliofungwa chini ya paneli. Akauvuta na kuuachia kwa nguvu kwa nusu dakika, ili madaktari waone moyo wa mtu asiye na uzito unavyofanya kazi. Swali lilikuwa zito kuliko linavyoonekana leo, maana walikuwapo madaktari waliohofu kwamba mwili ungeshindwa huko juu. Vipimo vikaonyesha moyo umepanda na kushuka kama wa mtu yeyote aliyetoka mazoezini. Muda mfupi baadaye Glenn akaona juu ya Bahari ya Hindi machweo yake ya kwanza kutoka angani. Scott Carpenter alifuata Mei mwaka huo, Wally Schirra Oktoba, na Gordon Cooper Mei 1963. Wote walipita wakisikilizwa kutoka Unguja. Bila safari hizo nne hakuna ambaye angethubutu kupeleka watu watatu mwezini miaka mitano baadaye.

Lakini Wazanzibari wengi hawakuwa na sababu ya kukifurahia kituo kile. Hawakuulizwa. Makubaliano yalifanywa na serikali mbili za kigeni, katikati ya vita baridi, na chama cha Zanzibar Nationalist Party kilikipinga waziwazi, wafuasi wake wakiamini ni kambi ya makombora itakayokifanya kisiwa kuwa shabaha. Mitambo ya Tunguu haikuwa na kombora hata moja. Hata hivyo, hofu ya watu ambao nchi yao inatumiwa bila idhini yao ilikuwa na msingi, na sioni haki kuiita ujinga kama baadhi ya waandishi wa Magharibi walivyofanya.

Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani 61, wakiwamo 16 wa kituo hicho, walikimbilia English Club mjini Unguja, kisha wakachukuliwa na manowari Manley. Aprili mwaka huo Rais Abeid Amani Karume akataka kituo kiondolewe. Tarehe 26 ya mwezi huo Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Mitambo ikafunguliwa na kuondolewa, na Madagaska ikachukua zamu. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Borman na wenzake, wakilipita bara letu njiani kwenda mwezini, waliongea na Houston kupitia Tananarive, si Zanzibar tena. Kituo cha Madagaska nacho kilifungwa mwaka 1975, serikali ya nchi ile ilipobadilisha msimamo.

Tukirudi kwa Apollo 8, njiani Borman aliugua, akatapika, na kwa saa kadhaa ilihofiwa kuwa safari nzima ingekatizwa. Akapona. Siku ya tatu walifika. Hapo palikuwa na jambo la kutisha kuliko yote: ili kunaswa na mvuto wa mwezi ilibidi kupunguza mwendo kwa kuwasha injini moja, isiyo na akiba, wakiwa nyuma ya mwezi ambako redio haifiki. Ikiwaka kwa muda mfupi mno, wangetupwa mbali. Ikizidi, wangeugonga mwezi. Iliwaka dakika nne na sekunde saba. Huku ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Houston walikaa kimya wakitazama saa, hadi ishara ilipotokea upande wa pili kwa wakati uleule uliokuwa umekokotolewa.

Waliuzunguka mwezi mara kumi kwa saa 20, wakiwa kilomita 112 tu juu yake kwa sehemu kubwa ya muda huo. Mizunguko mitatu ya kwanza madirisha yalielekezwa chini, kwenye mashimo waliyoagizwa kuyapiga picha kwa ajili ya watakaotua. Dunia hawakuiona ikichomoza. Katika mzunguko wa nne Borman alikuwa akikigeuza chombo taratibu, na Anders, aliyekuwa na kamera ya Hasselblad yenye filamu nyeusi na nyeupe, akaona rangi ya buluu kwenye kona ya dirisha. Akapiga moja. Kisha akamhimiza Lovell ampe haraka filamu ya rangi. Sauti zao zimehifadhiwa: watu wazima watatu wakipigiana kelele kama watoto, mmoja akitafuta filamu, mwingine akiomba apewe, dunia ikihama kutoka dirisha hadi dirisha. Anders akaifunga filamu hiyo kwenye kamera, akapiga. Picha haikuwa kwenye ratiba ya safari.

Asubuhi ya Krismasi, karibu saa kumi na mbili alfajiri kwa saa zetu, walisoma kwa zamu aya kumi za mwanzo za kitabu cha Mwanzo, wakirushwa moja kwa moja duniani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na haikuwa nayo hadi mwaka 1994. Habari kama hizi zilifika vijijini kwa redio ya betri, zikaletwa barazani, zikabishaniwa. Ubishi huo upo mpaka leo. Kaa kwenye baraza lolote kuanzia Somanga hadi Kilwa Masoko na utamkuta mzee au kijana anayekataa katakata kwamba mtu amewahi kufika kule. Mimi huwajibu kwa heshima kwamba kioo alichoacha Neil Armstrong na mwenzake Julai 1969 bado kinarudisha mwanga wa leza unaorushwa kutoka duniani, na kwamba mawe yaliyoletwa na safari za Apollo, kilo 382, yamechunguzwa na wanasayansi wa nchi nyingi zisizopendana.

Tena pwani hii haihitaji kufundishwa kuujali mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Kilwa huishi kwa kalenda yake. Usiku wa giza boti hutoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni balbu za betri. Taa huachwa iwake juu ya maji hadi samaki wajikusanye chini yake, wadogo, waking'aa kama misumari mipya, ndipo nyavu huzungushwa. Mwezi ukishakua na mbalamwezi ikaenea, mwanga wa taa hauna nguvu tena, samaki hutawanyika, na boti hupumzika ufukweni hadi giza lirudi. Wenye kufuata pweza miambani nao husubiri bamvua, maji yanapokupwa kwa mbali baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Usiku ule wa picha mwezi ulikuwa unaelekea nusu na maji yalikuwa yanaelekea kuwa mafu. Mvuvi alilijua hilo kwa kuinua macho tu, na wale watatu kule juu walikuwa wakipita juu ya kitu hichohicho kinachovuta bahari yake.

Kuna kauli inayonasibishwa na Mwalimu Nyerere, kwamba wakati wengine wanajitahidi kufika mwezini, sisi tunajitahidi kufika kijijini. Kwa Miteja maneno hayo yalikuwa kweli kwa maana ya barabara. Kijiji kiko kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na njia hiyo ilikatwa na Mto Rufiji. Abiria walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na masika yalipochachamaa mabasi yalikwama matopeni siku nzima, wakati mwingine siku kadhaa, huku korosho na ufuta vikisubiri soko. Apollo 8 ilitumia siku tatu kwenda kilomita zaidi ya 370,000. Daraja la Mkapa juu ya mto huo, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa Agosti 2003, zaidi ya miaka 30 tangu mtu wa mwisho aondoke mwezini, na kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilikawia miaka mingine mingi kabla hakijapata lami. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara tena maeneo ya Somanga. Silisemi hili kuwalaumu waliokwenda mwezini. Fedha zao hazikuwa za kwetu. Ninalisema kwa sababu mtu wa Miteja aliyeisikia habari ile redioni aliipima kwa safari yake mwenyewe ya kwenda Dar es Salaam, na kipimo hicho kilikuwa halali.

Walirudi tarehe 27 Desemba, wakatua Pasifiki saa kumi na mbili na dakika 51 jioni kwa saa zetu, siku sita baada ya kuondoka. Borman alifariki Novemba 2023, Anders Juni 2024 katika ajali ya ndege aliyokuwa akiiendesha mwenyewe akiwa na miaka 90, na Lovell Agosti 2025.

Ile picha ya Anders ilituacha gizani. Miaka minne baadaye ikaja nyingine. Tarehe 7 Desemba 1972, saa tano baada ya kuruka, wanaanga wa Apollo 17, Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, walikuwa kilomita 29,000 hivi kutoka duniani, na jua lilikuwa nyuma yao. Huku ilikuwa saa saba na dakika 39 mchana. Dunia ilionekana nzima, bila kivuli: Afrika, Bara Arabu, Madagaska, na barafu ya ncha ya kusini. Katika filamu yenyewe kusini iko juu, na wachapishaji ndio walioigeuza. Picha hiyo ni mali ya umma, hailipiwi, na ningependa kuiona katika kila darasa la jiografia kutoka Kibiti hadi Mtwara. Mwanafunzi anayeitafuta Miteja aweke kidole kwenye ncha ya kaskazini ya Madagaska, aelekee magharibi akipanda kidogo kaskazini, aiache Komoro kushoto kwake, na baada ya kilomita zaidi ya 1,100 atakuwa amefika.